Miaka sita na osu!, na kijimstari nilichokidharau

Niliipakua osu! nikitafuta kitu cha kuniondolea uchovu kwa nusu saa. Hiyo nusu saa sasa iko mwaka wa sita. Kibodi yangu ina vitufe viwili, Z na X, vilivyosuguliwa hadi herufi zikafutika, na vingine vyote utadhani vimefunguliwa jana. Watu huniuliza kama gemu hii ni nzuri na kama mtu wa kawaida anaweza kuimudu. Mimi ndiye huyo mtu wa kawaida. Sina vidole vya ajabu, sijawahi kuingia mashindano yoyote, na miaka kama miwili hivi kati ya hiyo sita niliipoteza kwa ubishi wangu mwenyewe. Nitaeleza zaidi ubishi huo kuliko gemu yenyewe.

Kwa asiyeijua: ni gemu ya midundo ya kwenye kompyuta, ya bure, iliyotolewa mwaka 2007 na Dean Herbert, ambaye wachezaji humwita peppy. Wimbo unapigwa, maduara yanachomoza kwenye skrini, kila duara na pete yake inayosinyaa kulielekea. Pete ikigusa ukingo wa duara unabonyeza, kishale kikiwa juu yake. Kuna slaida za kuburuta na spina za kuzungusha. Ziko namna nne za kuicheza, ikiwamo ya ngoma; mimi nazungumzia ile ya kawaida tu. Ramani za nyimbo, yaani mpangilio wa maduara kwa kila wimbo, hutengenezwa na wachezaji wenyewe, kwa hiyo hutazimaliza hata ukitaka.

Mwaka wa kwanza ni raha tupu. Wimbo uliokushinda Jumatatu unauweza Ijumaa. Nilianza kwa kipanya, nikilenga na kubonyeza kwa mkono uleule, hadi nikaona kwamba wengi hulenga kwa mkono mmoja na kubonyeza kibodi kwa mwingine. Kuhamia huko kulinirudisha nyuma wiki mbili, kisha mambo yakafunguka. Baadaye nikachukua tableti ya kuchorea, ile ya kalamu. Tableti haimfanyi mtu kuwa hodari; wapo wa kipanya ambao sitawafikia mpaka naingia kaburini. Uzuri wake ni kwamba kalamu ikikaa mahali fulani, kishale nacho kinakaa palepale kwenye skrini, siku zote, na mkono unajifunza umbali. Ila ukibadilisha ukubwa wa eneo la tableti, mkono unasahau kila kitu. Mimi nilibadilisha kila nilipopoteza wimbo. Ilikuwa rahisi kulaumu eneo.

Kinachowadanganya wageni ni AR, namba inayoamua duara lionekane muda gani kabla ya kupigwa. AR 5 inakupa milisekunde 1,200, AR 8 inakupa 750, AR 9 inakupa 600 tu. Nilipoona ramani ya AR 9 kwa mara ya kwanza nilicheka, nikaifunga. Miezi minane nikajificha kwenye ramani za AR ya chini, nikijiambia najenga msingi. Kumbe nilikuwa najitesa. Duara likikaa sana kwenye skrini, maduara yanajazana, matano, sita, mengine juu ya mengine, na hujui uanze na lipi. AR ikipanda skrini inakuwa safi: unaona mawili matatu, unapiga, yanaondoka. Macho yangu yalizizoea hizo 600 ndani ya wiki tatu.

Sasa nije kwenye kijimstari. Katika toleo la zamani kinakaa chini ya skrini, katikati: samawati hapo kati, kijani pembeni, manjano mwishoni kabisa. Kila unapobonyeza, alama ndogo inatokea juu yake. Kushoto maana yake umewahi, kulia umechelewa. Ni hivyo tu. Ukali wa kupima muda unaamuliwa na namba iitwayo OD. Kwenye ramani ya OD 8, ili upate alama 300 kamili kwa duara moja hutakiwi kukosea zaidi ya milisekunde 32 hivi, kuwahi au kuchelewa. Ukipita hapo unapewa 100, yaani theluthi moja ya alama, na ukipita 76 unapewa 50. Sikio langu haliwezi kutofautisha milisekunde 20. Kijimstari kinaweza, mara mia kadhaa kwa wimbo mmoja, na kinakwambia ukiwa bado unacheza.

Mimi nilikuwa nimekizima. Kiliniudhi macho.

Nilipokiwasha kwa mara ya kwanza, mwaka wa pili, alama zote zilikuwa zimejazana kulia kama watu wanaogombea kivuli. Nikadhani kimeharibika. Kumbe nilikuwa navaa hedifoni zisizo na waya: sauti ilikuwa inafika masikioni imechelewa, nami nikaifuata kwa uaminifu wote. Ukitazama video hulioni tatizo hili, maana kifaa kinaweza kuisubirisha picha mpaka sauti ifike. Gemu haiwezi kukufanyia hivyo, haijui utabonyeza lini. Upo mpangilio wa kusogeza muda wa sauti, na niliuchezea jioni nzima, lakini kuchelewa kwenyewe kulikuwa kunabadilika, leo hivi, kesho vile. Nikarudi kwenye hedifoni za waya. Siku ileile usahihi wangu kwenye ramani nilizozizoea ulitoka asilimia 88 hadi 93. Mwaka mzima nilikuwa najilaumu mikono.

Ungedhani baada ya hapo ningekiheshimu. Nikakizima tena, safari hii kwa sababu ya pp, pointi za uchezaji.

Gemu inakupa pointi kwa kila ramani kulingana na ugumu wake na ulivyoicheza, kisha inazipanga: tokeo lako bora kabisa linahesabiwa lote, la pili asilimia 95, la tatu 90.25, na kuendelea hivyo hivyo kushuka. Kwa hiyo kinachokupandisha kwenye orodha ya dunia ni yale machache ya juu. Mpango wenyewe siuoni ubaya wake. Tamaa ndiyo mbaya. Ukishaielewa hiyo hesabu unaanza kuwinda ramani fupi za miruko mikubwa, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Unajaribu mara 60, ya 61 inakubali, unachukua pointi zako na kuhama. Niliishi hivyo mwaka mmoja na nusu. Nafasi yangu ilipanda mpaka nikaanza kuitaja bila kuulizwa.

Siku moja rafiki ninayecheza naye mtandaoni alifungua chumba cha wawili, akachagua wimbo ambao kwa nyota zake za ugumu ulikuwa chini kabisa ya nilizozizoea. Dakika nne, mfululizo wa maduara kila baada ya muda mfupi. Kwenye orodha ya dunia yuko nyuma yangu kwa maelfu. Alinipita kwa mbali sana, na akaniandikia: "Ndugu, mbona unakimbia?" Nikamjibu mikono ilikuwa baridi. "Hapana, unakimbia. Wimbo uko nyuma yako."

Mfululizo ndio unaomuumbua mtu. Chukua wimbo wa mapigo 180 kwa dakika, maduara manne kwa kila pigo: ni mibonyezo 12 kwa sekunde, sita kwa kila kidole, milisekunde 83 kati ya mbonyezo na mbonyezo. Tuseme unafupisha kila nafasi kwa milisekunde tano, kitu ambacho hutakisikia kamwe. Ukifika duara la nane hivi umeshatoka kwenye 300. Ukifika la 18 umelitangulia duara zima, unapiga lisilo zamu yake, kombo, yaani hesabu ya maduara uliyopiga bila kukosa, inakatika, na unaapa kwa jina la mama yako kwamba ulibonyeza sawasawa.

Usiku ule niliegemeza simu kwenye kikombe nikarekodi vidole vyangu kwa mwendo wa polepole. Kidole cha shahada kilikuwa kinashuka, kinaachia, kinashuka, kimya kimya, bila fujo. Cha kati kilikuwa na mambo yake. Kilipanda juu mno, kikasita hewani, kisha kikashuka kwa kishindo kujaribu kufidia. Kwa hiyo kilichotoka hakikuwa ta-ta-ta-ta. Kilikuwa ta-ka, ta-ka, ta-ka, kama farasi anayechechemea, na farasi mwenyewe anazidi kuongeza mwendo. Miaka karibu minne nilikuwa nasikia mstari ulionyooka. Video ilikuwa ya sekunde 14 na niliitazama mara nyingi kuliko niko tayari kukiri hapa.

Nikawasha kijimstari, na nikahamia lazer, toleo jipya la gemu hiihii, ambalo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kilichonivuta ni kasi. Toleo la zamani lina Half Time ya 0.75 na Double Time ya 1.5, basi. Kwenye lazer unachagua mwenyewe, kutoka nusu ya kasi hadi mara mbili, kwa vipande vidogo sana. Nikachukua ramani moja ya 180 na kuishusha hadi 0.75, yaani mapigo 135 kwa dakika, kasi ambayo mtu wa hadhi yangu alipaswa kuiona ya kitoto. UR ikasoma 190.

UR ni kipimo cha kutawanyika kwa mapigo yako. Ukiigawa kwa kumi unapata mtawanyiko kwa milisekunde. 190 ni milisekunde 19. Haijali kama unawahi au unachelewa kwa jumla, inajali kama wewe ni mtu wa kutegemewa. Nilikuwa si mtu wa kutegemewa hata kwenye mwendo wa kutembea.

Basi nikakaa hapo. Dakika 20 kila siku kwenye ramani ileile, kidole cha kati nikikikataza kupanda, macho kwenye maduara na pembeni ya jicho kwenye kile kijimstari. UR ikishuka chini ya 100 siku mbili mfululizo, naongeza 0.02. Ilikuwa inachosha, sitadanganya. Kuna wiki nilipanda hatua tatu na wiki nyingine nikarudi mbili. Baada ya miezi mitano hivi nilikuwa nimefika 0.93, na hapo nikagundua kitu kilichonishangaza: nyimbo nyingine, ambazo sikuwa nimezigusa, zilikuwa zimekuwa nyepesi. Hata miruko. Nilikuwa nadhani tatizo la miruko ni kulenga, kumbe mara nyingi kishale kilikuwa kinafika kwa wakati, kidole ndicho kilikuwa kimeshabonyeza na kuondoka.

Lazer ina jambo la pili, nalo lilinikasirisha kwanza. Katika toleo la zamani, ukiwahi kichwa cha slaida unasamehewa mradi umeiburuta hadi mwisho. Lazer inakipima kichwa cha slaida kama duara lolote. Siku ya kwanza usahihi wangu ulianguka kwa asilimia mbili na nusu. Niliandika malalamiko marefu, nikayasoma, nikayafuta. Alama zote za vichwa vya slaida zilikuwa kushoto. Rafiki yangu alikuwa ameshaniambia kwa maneno matatu.

Kuhusu mkono: uangalieni. Mwaka wa nne kifundo cha mkono kilianza kuuma, nami nikaendelea kucheza saa tatu kwa siku kwa sababu nilikuwa karibu na namba fulani kwenye orodha. Maumivu yakanifuata hadi kwenye kushika kalamu ya kuandikia. Nikaacha wiki tano nzima, nikiwa na hakika nimepoteza kila kitu. Siku mbili za kwanza baada ya kurudi zilikuwa mbaya, ya tatu nikavunja rekodi yangu kwenye wimbo wa zamani. Tangu hapo nacheza dakika 50 kwa siku, napumzika katikati, na kiti nimekipandisha ili kiwiko kisining'inie.

Kwa maksi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu mgeni anaachiwa bahari ya ramani bila mtu wa kumwambia aanze wapi, na kwa sababu kitu chenye manufaa kuliko vyote kinaonekana kama pambo la skrini. Ukianza leo, cheza chochote unachokipenda miezi sita ya kwanza, usiangalie pp, tumia hedifoni za waya, na usikizime kile kijimstari hata kikikuudhi. Hasa kikikuudhi.

Ramani yangu ya 180 niliimaliza kwa kasi yake kamili mwezi uliopita, bila kukata kombo. Ulikuwa usiku, sikuwa hata nimekusudia. Kwenye mfululizo wa mwisho, ule mrefu, nilihisi kidole cha kati kikitaka kupanda nikakiacha kifanye kinachotaka, kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana nacho. Hakikupanda. Asilimia 97.8, UR 104. Nikamtumia rafiki yangu picha ya matokeo, akaikuza, akaniwekea duara jekundu kwenye wastani: bado nawahi kwa milisekunde nne.