Fundi anayefika shambani kabla ya jua: tathmini ya huduma baada ya Massey Ferguson 135 yetu kugoma kuwaka

Kwa misimu miwili mfululizo trekta letu halikulala uwanjani, bali kwenye mteremko ulio nyuma ya ghala la mahindi, likiwa limewekewa jiwe mbele ya gurudumu, kwa sababu njia pekee ya kuliwasha asubuhi ilikuwa kuondoa jiwe, kuliachia lishuke na kuingiza gia likiwa katika mwendo. Siku ambazo mteremko haukutosha, tulimwomba jirani aje kutuvuta na trekta lake, na jirani naye ana shamba la kulima. Hili ni Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, lenye injini ya Perkins ya silinda tatu na ujazo wa lita 2.5. Tunalitumia Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na baridi hiyo ndiyo iliyofichua kila udhaifu uliokuwemo.

Ninayemtathmini hapa ni fundi wa kutembea, anayefuata matrekta mashambani kwa pikipiki na sanduku moja la spana. Kabla yake tulikuwa tumefika kwenye karakana moja ambayo, baada ya kusikiliza stata (mota ya umeme inayozungusha injini ili iwake) kwa nusu dakika, ilitoa hukumu kwamba pampu kubwa ya dizeli, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, imekwisha na ni lazima ifunguliwe yote, kwa shilingi 1,900,000. Tulikuwa karibu kulipa. Kilichotuzuia si werevu wetu, ni kwamba fedha hazikuwepo.

Sharti la kwanza la fundi huyu lilinishangaza: trekta lisiwashwe tangu jana yake mchana, na yeye angefika saa kumi na mbili alfajiri. Alifika kweli, akiwa amejifunga shuka juu ya koti.

"Shikamoo mzee. Kuna mtu amejaribu kuliwasha leo?"

"Marahaba. Hakuna."

Hata hivyo alivua glovu na kuweka kiganja kwenye injini ili ajiridhishe. Alieleza kwamba trekta gumu la asubuhi likipelekwa kwa fundi saa sita mchana, baada ya kuvutwa na kutembea kilomita kadhaa, fundi anachopewa ni trekta lisilo na ugonjwa, na hapo lolote atakalosema ni kubahatisha. Nikikumbuka kwamba sisi tuliipelekea ile karakana trekta likiwa bado la moto, nakubali kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yetu.

Alimwomba kijana wetu azungushe stata, yeye akasimama akitazama bomba la moshi wala asiguse kitu. Kwa sekunde kumi na kitu hapakutoka moshi wowote, kisha ukaanza kutoka moshi mweupe kidogo kidogo, lakini injini haikushika. Kwake hayo yalikuwa maelezo mawili tofauti. Kutotoka moshi kabisa maana yake dizeli haijafika kwenye silinda. Moshi mweupe maana yake imefika lakini haiungui. Kwa hiyo trekta lilikuwa na maradhi zaidi ya moja, na yeyote ambaye angetibu moja tu angeonekana ameshindwa.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na katika injini hii ya Perkins hewa hubanwa kwa uwiano wa 18.5 kwa 1. Joto hilo hupatikana pale tu pistoni inapopanda kwa kasi ya kutosha, kwani ikipanda polepole hewa huvuja pembeni mwa ringi za pistoni na joto hunyonywa na chuma cha silinda ambacho bado ni baridi. Ndiyo maana fundi alianzia kwenye umeme, jambo ambalo mimi nisingelifikiria, kwa kuwa betri yetu ilikuwa mpya na stata ilikuwa inazunguka.

Alichofanya na mita yake ndicho ambacho ningependa kila mwenye trekta kuukuu akione. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.6. Stata ilipozungushwa ilishuka hadi 10.8, kiwango ambacho alisema si kibaya. Kisha akapima kwenye stata yenyewe, ncha moja kwenye boliti ya waya na nyingine kwenye mwili wa stata, na huko zilifika volti 8.9 tu. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani. Akatafuta zinapopotelea: volti 1.1 upande wa hasi, kati ya kichwa cha betri na chuma cha injini, na volti 0.8 upande wa chanya. Waya wa hasi ulikuwa umefungwa juu ya bati lenye rangi na kutu, tena ulikuwa waya mwembamba wa gari dogo, ambao naamini tuliufunga wenyewe miaka iliyopita kwa kuwa ndio uliokuwepo dukani. Aliweka nyaya nene pande zote mbili, akakwangua chuma hadi king'ae, na ule wa hasi akaufunga moja kwa moja kwenye injini. Sauti ya stata ilibadilika pale pale. Trekta halikuwaka bado, lakini moshi mweupe uliongezeka.

Upande wa dizeli alitumia kifaa cha bei ya chini kuliko vyote: kipande cha mpira mwangavu, kama ule wa dripu ya hospitali ila mnene zaidi, alichokiunga kati ya chujio na pampu kubwa. Alipopiga mkono ile pampu ndogo ya kuvuta dizeli, ambayo mafundi huiita fidi pampu, tuliona mapovu yakipita ndani ya mpira kama shanga. Mfumo ulikuwa unavuta hewa. Asubuhi pampu ilikuta mabomba yana hewa, jambo lililoeleza zile sekunde za mwanzo zisizo na moshi. Alifungua chujio, ile aina ya CAV ambayo madukani huitwa 296, akakuta mpira wa zamani wa kuzibia chujio umebaki juu na mpya umewekwa juu yake, miwili pamoja. Mtu aliyebadilisha chujio hakuubandua wa zamani. Mtu huyo ni mimi.

Daiframu, yaani utando wa kusukumia dizeli ndani ya fidi pampu, nayo ilikuwa imechoka, ikabadilishwa pampu nzima. Hapo kijana alijifunza jambo dogo lenye manufaa: mkono wa fidi pampu ukikataa kusukuma haimaanishi umeharibika, kwa kuwa huenda kamu ya injini (nundu ya mhimili inayoisukuma pampu) imesimama pale inapoisukuma pampu, na ukizungusha injini kidogo mkono unarudi kufanya kazi. Baada ya hapo walitoa hewa kwa mpangilio, kwanza kwenye chujio, kisha kwenye skurubu za pampu kubwa, mwisho kwenye nati za mabomba ya nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, huku stata ikizungushwa.

Kifaa cha kupasha moto hewa, Thermostart, kilichofungwa kwenye njia ya kuingizia hewa, kilikuwa kimekufa kabisa. Kifaa hiki hudondosha dizeli kidogo kwenye waya uliopata moto, ikawaka, na mwali huo ukapasha hewa inayoingia kwenye silinda. Chetu kilikuwa na waya uliokatika, na bomba lake la dizeli lilikuwa limezibwa kwa skurubu na fundi fulani wa zamani aliyechoka na uvujaji. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tukigeuza ufunguo kwenye nafasi ya kupasha moto na kuhesabu hadi ishirini bila faida yoyote. Alipofunga kipya alichomoa mpira wa chujio la hewa ili tuuone mwali kwa macho, na tuliuona. Alitoa pia onyo ambalo nalirudia kwa uzito: palipo na kifaa hiki kinachofanya kazi, usinusishe injini petroli wala dawa ya kupuliza ya kuwashia, kwa kuwa mvuke wake hukutana na moto kabla haujafika kwenye silinda. Hata pasipo kifaa hicho, mlipuko wa mapema wa dawa hizo huweza kuvunja ringi.

Nozeli tatu zilipelekwa Makambako kupimwa. Mbili zilipuliza ukungu mzuri, moja ilikuwa inadondosha matone kama bomba bovu la maji, ikabadilishwa kichwa.

Na pampu iliyohukumiwa kufa? Hakuigusa. Hoja yake ilikuwa kwamba pampu kubwa ya aina hii, ya kampuni ya CAV, ikilika ndani, kwa kawaida huleta taabu injini ikiwa ya moto, kwa sababu dizeli iliyopata joto ni nyepesi na huvuja kwenye nafasi iliyolika. Ukiifunika pampu kitambaa kilicholowa maji baridi na trekta likakubali kuwaka, hapo una sababu ya kuishuku. Letu likishapata moto lilikuwa linawaka kwa kugusa. Alikagua tu kwamba waya wa kuzimia unarudi hadi mwisho, kwa kuwa ukibaki umevutika kidogo hubana dizeli na kumpotezea mtu siku nzima.

Gharama zote zilikuwa hizi: kazi ya siku mbili pamoja na usafiri shilingi 150,000, nyaya na vichwa vyake 60,000, chujio 18,000, fidi pampu 95,000, kupima nozeli tatu 30,000, kichwa cha nozeli 45,000 na Thermostart 70,000. Jumla ni shilingi 468,000, robo ya bei tuliyotajiwa mwanzoni.

Yapo niliyolalamikia, na nilimwambia ana kwa ana. Siku ya pili alichelewa hadi saa tano bila taarifa, nasi tukiwa tumewasimamisha vibarua wawili. Hatoi risiti, bei za vipuri nilizijua kwa kuwa kijana wetu alifuatana naye dukani, na asiye na mtu wa kumtuma itambidi aamini maneno. Zaidi ya hayo, hakukagua nafasi za valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi), ambazo katika injini hii huwa milimita 0.30 ikiwa baridi, ingawa mfuniko ulikuwa juu kabisa na ungefunguliwa kwa dakika chache. Nilipomwita wiki mbili baadaye alikuja bila kudai nauli, na valvu mbili zilikutwa zimebana. Kwa kazi ya fundi mwangalifu namna ile, huo ulikuwa uzembe.

Aliacha pia agizo kuhusu oili. Tulikuwa tunatumia namba 40, ambayo kwenye baridi ya Njombe huwa nzito kama asali na kuichosha stata; alitutaka tuhamie 15W-40, ambayo ni nyepesi zaidi kwenye baridi. Tulihama, na tofauti ipo.

Sasa ni Septemba. Tunapasha moto kwa sekunde ishirini, tunazungusha, na trekta linawaka kabla injini haijamaliza mizunguko mitatu. Moshi mweupe bado hutoka kwa dakika ya kwanza, na kwenye bomba la pumzi la injini kuna mvuke unaoonyesha kwamba ringi si changa, kwa hiyo siku ya kuifungua injini itafika. Anayetaka huduma yake aelewe kwamba matrekta mapya yenye mifumo ya kompyuta huyakataa waziwazi, na kwamba mvua zikikaribia, kuanzia Oktoba, foleni yake huwa ndefu kiasi cha kusubiri wiki. Sisi tulimpata Juni, wakati wengine wameshavuna na matrekta yao yamelala.