Kitabu cha risiti au jedwali la simu: gereji ya Nyakato, Mwanza, itumie kipi?

Kitabu chenye kaboni hakihitaji chaji, na fundi mwenye grisi mikononi anaandika bila wasiwasi. Kosa liko kwenye maandishi. "Service Noah, 180,000" haisaidii kitu. Andika namba ya gari, kilomita, kisha tenganisha: oili lita 4, filta 1, pedi za breki za mbele seti 1, ufundi peke yake, na nani alileta spea. Gari likirudi linapiga kelele baada ya wiki mbili, utajua kama spea ililetwa na mteja au uliinunua wewe. Kalamu ikandamizwe, la sivyo nakala ya chini inabaki kivuli tu. Na msimu wa masika, kitabu kilichoachwa sakafuni chini ya bati linalovuja kimekwisha.

Jedwali la simu, yaani programu ya hesabu kama Excel, linajumlisha lenyewe na kukuonyesha nani anadaiwa. Kitabu hakitakuambia hilo mpaka ufunue kurasa zote. Ila simu ikiibiwa kabla hujahifadhi nakala kwenye barua pepe, madeni yote yameondoka nayo.

Kwa gereji ya mafundi wawili watatu, kitabu kinatosha mchana, jioni namba ziingie kwenye simu. Dakika kumi hivi.

Hakuna kati ya hivyo kinachochukua nafasi ya risiti ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa anayetakiwa kuitoa. Karatasi yake hufifia kwa joto, kwa hiyo risiti za spea zipige picha siku hiyohiyo. Kumbukumbu za kodi hutunzwa miaka 5.