Pampu ya mafuta kwa Subaru ya turbo iliyoongezwa nguvu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Namba kubwa kwenye boksi la pampu, 255 au 340 au 450, ni lita kwa saa. Lita hizo zimepimwa presha ikiwa ndogo, karibu bar 3, na umeme ukiwa umeshiba. Injini inapoihitaji pampu zaidi, gari haliko tena katika hali hiyo. Subaru zenye EJ20 turbo (injini ya lita 2), iwe Impreza WRX, Forester au Legacy, zina regyuleta ya presha ya petroli iliyounganishwa na manifoldi, njia ya hewa inayoingia kwenye injini, kwa kampira kembamba. Kila bar moja ya busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na turbo, huongeza bar moja ya presha ya petroli kwenye reli ya nozeli, la sivyo hewa ya turbo ingeizuia petroli kutoka. Presha ya msingi ni bar 3. Ukipandisha busti hadi bar 1.2, pampu inasukuma dhidi ya bar 4.2, na presha inavyopanda ndivyo lita zinavyopungua. Swali la kumuuliza muuzaji basi ni moja: kwa bar 4 na ushei, volti 13.5, pampu hii inatoa lita ngapi? Kampuni zinazojiheshimu hutoa jedwali lenye jibu. Kama jedwali halipo, acha pampu hiyo dukani.

Hesabu kabla ya duka

EJ20 ikikanyagwa hadi mwisho hula takriban kilo 0.27 za petroli kwa kila nguvu moja ya farasi kwa saa. Lita ya petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74. Farasi 300 za injini zinataka kilo 81, yaani lita 110 kwa saa. Ongeza robo kwa ajili ya joto, uchakavu wa pampu na chujio linaloanza kuziba, unafika lita 137. Farasi 350 zinakupeleka kwenye 160, na 400 kwenye 182. Hizo ni lita zinazotakiwa kwa presha halisi ya bar 4 na zaidi.

Pima na upande wa nozeli. Nozeli nne za cc 550 kwa dakika, zikifunguka asilimia 85 ya muda wake, hupitisha lita 112 kwa saa. Kwa hiyo mwenye nozeli za cc 550 akinunua pampu ya 450 hapati hata farasi mmoja wa ziada, anapata joto na kelele tu. Pampu haiongezi nguvu. Kazi yake ni kuhakikisha nozeli na programu ya ECU (kompyuta ya injini) zinapata petroli zinayoihesabia.

Kwa wa Nairobi kuna jambo la kuongeza. Mji uko juu, mita 1,700 hivi, na hewa yake ina msukumo wa karibu bar 0.82, si bar 1 kama Mombasa au Dar es Salaam. Fundi akitaka hewa ileile ndani ya silinda, geji ya busti Nairobi itasoma bar 0.18 zaidi. Pampu iliyo ndani ya tangi inabeba tofauti hiyo yote. Gari lililotuniwa pwani likiwa limebakiwa na akiba kidogo ya petroli linaweza kuishiwa na akiba hiyo bara.

Mpangilio wetu

Ya kwanza ni Walbro 255 ya presha kubwa, GSS342, ambayo leo hutoka kwa TI Automotive. Kwa bar 4.2 na volti 13.5 bado inatoa lita 200 na kitu, zinazotosha gari la farasi 350 na kulifikisha 400 bila kulibana. Hula ampea 8 hadi 10, kwa hiyo nyaya za kiwandani zikiwa nzima na safi huimudu, na kontrola ya pampu ya Subaru huizungusha bila taabu. Kasoro yake ni mlio. Ndani yake kuna gia ndogo zinazobana petroli, na gia hizo huvuma. Kwenye Forester utausikia nyuma gari likiwa limesimama taa za barabarani. Mlio wa sauti moja usiobadilika ni wa kawaida. Ukianza kukwaruza au kupanda na kushuka, kagua kichujio cha chini na kiwango cha petroli.

Ya pili ni DW65c ya DeatschWerks, lita 265. Ni fupi, inaingia kwa urahisi kwenye kikapu (kishikilio cha pampu ndani ya tangi) cha modeli nyingi za Subaru, na ni tulivu zaidi kwa sababu inatumia panga la mzunguko badala ya gia. Mwenye Impreza ya 2008 kuendelea, anayelitumia gari kila siku, aichague hii kabla ya Walbro. Nunua kifurushi chenye vifaa vya modeli yako hasa. Pampu tupu itamlazimu fundi kubuni.

Ya tatu, AEM ya lita 340 au DW300. Hizi ni za farasi 400 hadi 500, turbo ikiwa imebadilishwa na nozeli zikiwa za cc 800 kwenda juu. Kuanzia hapa nyaya za kiwandani hazitoshi tena.

Ya nne ni TI F90000267, ile watu wanayoiita Walbro 450. Ni pampu imara na inavumilia ethanoli, lakini wengi huinunua bila kuihitaji kwa kuwa bei yake haiko mbali na ya 255. Upande wake wa chini ni mnene, kikapu cha Subaru hulazimika kukatwa. Kwa presha ya busti hupita ampea 15. Shida kubwa zaidi hutokea gari likiwa sailensa, yaani injini inawaka bila kukanyagwa: petroli inayorudi ni nyingi kuliko uwezo wa regyuleta ya kiwandani, presha inapanda yenyewe, gari linakunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi mweusi. Bila regyuleta ya kurekebishwa na njia pana ya kurudishia, usiiguse.

Ya mwisho ni Bosch 044, inayofungwa nje ya tangi. Sifa yake ni ya haki, ila haijui kunyonya. Inataka pampu nyingine ya kuilisha na tangi dogo la kati. Kwenye gari la barabarani hiyo ni mipira mingi na maungio mengi, na kila ungio ni mahali pa kuvuja.

Feki

GSS342 ni kati ya pampu zinazoigwa sana. Pampu halisi huuzwa Marekani kwa dola 100 hivi, kabla ya usafiri na ushuru. Ukitajiwa robo ya hiyo Kirinyaga Road au Kariakoo, unauziwa kitu kingine. Maandishi ya pampu halisi yamechongwa kwenye chuma kwa leza. Ukiyapitishia kitambaa chenye petroli yakatoka wino, rudisha. Hata maandishi safi si uthibitisho kamili, ndiyo maana kipimo cha lita kilichoelezwa mwishoni hakiepukiki. Pampu ya mtumba iliyotolewa kwenye gari lingine isinunuliwe kabisa, maana umri wake haujulikani.

Nyaya

Volti zikishuka kutoka 13.5 hadi 12, pampu hupoteza lita kwa kiasi kinachoonekana. Pima kwenye plagi ya pampu yenyewe injini ikiwa kwenye mzigo. Kipimo cha betri hakikwambii kinachofika nyuma. Kwa 340 na 450 vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 au zaidi kutoka betri, fyuzi ya ampea 25 karibu na betri, na rilei ya ampea 40 nyuma. Namba 30 ya rilei inapokea umeme wa betri, 87 inakwenda kwenye pampu, 85 kwenye bodi, 86 inapokea ishara. Ardhi ya pampu nayo iwe ya waya mnene, kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Hapo kwenye 86 ndipo wengi hukosea. Subaru nyingi za turbo zina kontrola inayoizungusha pampu kwa ngazi tatu, 33, 66 na 100 kwa mia, kwa kuukatakata umeme. Ukichukua ishara baada ya kontrola, rilei itatetemeka na kuungua. Chukua ishara kabla yake, kwenye umeme unaotoka rilei ya pampu ya kiwandani. Pampu kwa mpangilio huu itazunguka kwa nguvu zote muda wote na kuipasha petroli joto, kwa hiyo usizoee kuendesha tangi likiwa chini ya robo.

Kufunga

Tangi liwe chini ya robo, mahali pawe pa wazi, kizimamoto cha unga kiwe karibu. Chomoa plagi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha toa hasi ya betri. Kwenye Impreza za 2000 hadi 2007 kifuniko kiko chini ya kapeti la buti. Za 2008 kuendelea kiko chini ya kiti cha nyuma. Safisha vumbi lote kabla ya kufungua, kwani mchanga ukiingia ndani ya tangi ndio utakaoiua pampu mpya. Kikapu kinashikwa na nati nane za milimita 8. Ukirudisha, kaza kwa mkato, moja huku na ya pili upande wa pili, kwa Nm 4.4 tu. Vijiti vyake hukatika kirahisi.

Kichujio cha chini, oringi na gasketi viwe vipya. Kipande cha mpira kati ya pampu na kikapu kiwe cha kuzamishwa, chenye alama SAE 30R10. Mpira wa petroli wa kawaida umetengenezwa kuguswa na petroli kwa ndani tu. Ukizamishwa unalainika, unapasuka, na pampu inaanza kuzungusha petroli ndani ya tangi. Dalili yake ni gari linalotembea vizuri polepole na kukosa nguvu likikanyagwa. Klampu nazo ziwe za duara kamili, zisizokata mpira.

Tangi la Subaru lina mabonde mawili, kwa sababu shafti ya nyuma inapita katikati. Petroli inayorudi huvuta ile ya bonde la pili kupitia kampira ka jeti kwenye kikapu. Kakisahaulika au kakikunjwa, gari litazima geji ikionyesha bado kuna petroli ya kutosha.

Kupima kabla ya busti

Chomoa kampira ka regyuleta injini ikiwa sailensa: presha iwe bar 3. Ikiwa 3.4 au zaidi, regyuleta imezidiwa. Kisha zima, elekeza njia ya kurudishia kwenye dumu la chuma, na iendeshe pampu kwa umeme kamili kwa sekunde 30. Pampu ya 255 iliyo nzima inatoa karibu lita 2.1 kwa bar 3. Ikitoa lita 1.5, tafuta tatizo la umeme kwanza, kisha shuku pampu.

Baada ya hapo gari liende kwa fundi wa programu likiwa na kipimo cha oksijeni cha masafa mapana. Kwenye busti kamili uwiano wa hewa na petroli ukae 11.0 hadi 11.5 mpaka injini ifike kikomo cha mizunguko yake. Ukianza vizuri kisha ukapanda 12 na kuendelea kuanzia mizunguko 5,500 kwa dakika, na presha ya reli ikashuka wakati huohuo, achia pedali papo hapo. Petroli ikipungua injini huanza kugonga, na ikigonga pistoni za EJ hupasuka pale zinaposhika ringi.