Subaru ya Segera na Subaru ya mbio

Ukitaka kununua Subaru Impreza WRX STI iliyotumika, uliza kwanza ilitumika wapi. Ikiwa ilienda Tanga hadi Segera kwa mwendo wa sheria, breki hazipati tabu. Adui ni chumvi ya bahari, inayokula diski gari likilala nje kule Raskazone, ufukweni Tanga.

Uwanja wa mbio ni habari nyingine. Breki hukanyagwa kwa nguvu kona baada ya kona, hazipati nafasi ya kupoa. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huhimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, yakishanyonya unyevu (na Tanga unyevu haukosekani!) kiwango hushuka hadi kama 155, pedali inazama. Tairi za mbele huliwa bega la nje. Oili? Mwaga mapema, usisubiri kilomita za kawaida zitimie.

Gari la Segera ningelinunua. La mbio, nionyeshwe kwanza risiti za fundi.