Koti na mabuti ya Kibuye kwenye theluji ya Leadville

Nianze na mabuti, maana ndiyo yaliyoniaibisha.

Niliyanunua Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili moja ya Oktoba, siku ambayo soko hufurika hadi barabarani. Binti yangu alikuwa karibu kujifungua kule Leadville, mji wa milimani katika jimbo la Colorado, Marekani, nami nikaitwa kwenda kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Alinionya kwa simu: "Mama, tafadhali, usije na kale kasweta kako ka shule." Mimi ni mwalimu mstaafu na ukubwa wa pensheni yangu naujua. Nikajiambia, nguo za baridi si ndizo hizo hizo zinazotoka kwao kuja kwetu kwa mitumba? Basi nitawarudishia nikiwa nimezivaa.

Mwenye kibanda, kijana mchangamfu, alikuwa amefungua mtumba asubuhi hiyo. "Mathe, hizi ni kamera," akaniambia, yaani zile safi za kuchaguliwa kwanza kabla watu hawajazishikashika. Mabuti meusi, manyoya ndani, soli nene yenye meno kama tairi la trekta. Yalionekana hayajawahi kukanyaga popote. Shilingi 2,500, na hakupunguza hata kumi. Wakati huo niliona upya ule ni sifa.

Wiki ya tatu nikiwa Leadville nilitoka peke yangu kwenda posta kwa miguu. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, na barabara kuu, Harrison Avenue, ilikuwa imelimwa na tingatinga hadi kuna ukuta mweupe kila upande. Nikahisi mguu wa kulia umekuwa mfupi. Hatua chache tena, wa kushoto nao. Nikageuka. Nyuma yangu, juu ya weupe ule wote, vipande vidogo vyeusi vilikuwa vimenifuata kama kinyesi cha mbuzi. Soli zilikuwa zinamomonyoka! Nilipofika posta nilikuwa nakanyagia kitambaa, soksi zimelowa chapa, na mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akanirudisha nyumbani kwa gari lake bila kuniuliza swali hata moja. Mungu ambariki.

Mkwe wangu ndiye aliyenieleza. Soli nyingi za mabuti kama yale huumbwa kwa poliyurethani, kitu chepesi kama sponji ngumu. Unyevu wa hewa hukila polepole mwaka baada ya mwaka, na kiatu kukaa tu kwenye sanduku bila kuvaliwa hakukiokoi. Ngozi inabaki inang'aa, huku soli imekwisha kufa zamani. Kwa hiyo ukiwa Kibuye, usidanganywe na mng'ao. Pinda soli kwa nguvu mbele ya muuzaji, kisha ikwaruze kwa ukucha pale kando. Ikitoa unga au ikionyesha nyufa ndogondogo, rudisha. Afadhali soli ya mpira mtupu iliyochakaa kidogo.

Sasa koti. Hapo lazima niseme ukweli: kibanda kile kile, kijana yule yule, shilingi 1,800, na sijawahi kununua kitu bora kuliko hicho tangu nianze kazi mwaka 1984. Ni koti refu hadi magotini, rangi ya zambarau iliyopauka, limejazwa manyoya ya bata. Ndani kuna lebo yenye nambari 700. Muuzaji hakujua maana yake, nami sikujua. Kumbe hupima jinsi manyoya yanavyofura, na nambari ikiwa kubwa, koti linakupa joto zaidi kwa uzito mdogo.

Lakini nilipolifungua kule lilikuwa limelala kama chapati. Mtumba hukandamizwa kwa mashine, na manyoya yaliyokandamizwa hayana joto, kwa kuwa kinachokukinga baridi ni hewa iliyonaswa katikati yake. Nikaanza kumlaani kijana wa watu. Binti yangu akalitia kwenye mashine ya kukaushia nguo, moto mdogo, pamoja na mipira mitatu ya tenisi. Tulikaa tukisikiliza du-du-du karibu saa nzima, mtoto akalala kwa mdundo huo. Lilipotoka lilikuwa limeumuka kama mandazi. Nikalivaa nikasimama uani asubuhi, kipimajoto cha dirishani kikisoma nyuzi 22 chini ya sifuri, na kilichoniuma kilikuwa pua tu.

Kasoro zake? Zipu ilikuwa nzito, na kishikio kilikuwa kifupi mno kwa mtu aliyevaa glavu. Nilikifungia kamba ya kiatu. Na likilowa linanuka banda la kuku, tena manyoya yakilowa hayana faida. Bahati nzuri theluji ya kule ni kavu, unaipangusa kama unga.

Fulana zangu za pamba nilizobeba ziliniponza. Unatembea kidogo, unatoka jasho, pamba inalinywa na haliachii, ukisimama unaanza kutetemeka. Tena kule unatoka jasho upesi, maana Leadville iko kama mita 3,100 juu ya usawa wa bahari na Kisumu yetu ni kama 1,130. Ngazi za nyumba nilikuwa nazipanda kwa awamu mbili. (Maharagwe nayo usiseme. Maji yanachemka kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo yanatokota tu bila kuiva. Tulinunua sufuria ya presha.) Kilichoniokoa ni sweta ya sufu halisi ya shilingi 250, nayo ya Kibuye, yenye tundu la nondo kwapani. Niliivaa mwilini chini ya kila kitu hadi Aprili. Mwezi Machi wanafanya mashindano ya farasi kumvuta kwa kamba mtu aliyevaa mbao za kutelezea, katikati ya mji, na mimi nilisimama pale kando saa mbili nzima nikishangilia kama niko uwanjani Moi, sijui baridi.

Kwa hiyo: koti 9 kwa 10, sweta 10, mabuti sifuri.

Niliporudi nilimpelekea kijana yale mabuti, nimeyafunga kwenye karatasi. Akayapindua, akabonyeza soli, kipande kikamdondokea mkononi. "Pole, mathe. Lakini hapa Kisumu mtu angeyavaa matanga moja tu." Pesa hakurudisha, ila alinichagulia viatu vya ngozi vya kanisani, na safari hii nilivipinda mwenyewe hadi akacheka. Kisha akauliza koti kama bado ninalo, atalinunua kwa 1,200.

Nikamwambia halina bei. Limening'inia nyuma ya mlango wa chumba changu, katika joto hili la Kisumu, nimelifunika kwa leso. Msichana wa jirani amepata chuo Canada na ameshakuja kulijaribu mara mbili. Mikono inamfika sawasawa.