Sola ya umbo la hema juu ya kinyozi yangu, Busia

Kinyozi yangu iko Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya matrela. Paa ni dogo: ukilaza paneli, zinaenea mbili tu. Fundi wa sola wa mtaa wa nyuma akanitengenezea fremu ya chuma yenye umbo la hema, ikabeba paneli nne za wati 100. Mbili zinatazama mashariki, mbili magharibi, zote zimeinuliwa digrii 60. Fremu na kazi ilikuwa shilingi 280,000. Paneli nilinunua mwenyewe.

Saa sita mchana faida hamna, niseme wazi. Jua likiwa utosini, paneli iliyoinuka hivyo hupata nusu tu ya mwanga ambao ingepata ikilala, kwa hiyo nne zangu hufanya kazi ya mbili. Utamu uko mnamo saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na nusu jioni. Jua likiwa chini, upande mmoja hulipokea usoni kabisa, na umeme hukaribia mara mbili ya ule wa paneli mbili zilizolala. Na hizo ndizo saa zangu! Madereva hunyoa kabla ya kuvuka mpaka, au jioni wakishaegesha. Betri yangu ni ndogo, lakini mashine hainizimikii tena kichwa cha mtu kikiwa nusu.

Wazo hili lina wenyewe. Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha MIT kule Marekani, timu ya Jeffrey Grossman, walijenga maboksi na minara ya paneli, wakaeleza kwamba eneo lilelile la chini linaweza kutoa nishati mara 2 hadi zaidi ya 20 kuliko paneli bapa. Faida kubwa ni kwa nchi za mbali na ikweta, ambako jua hupita chini. Sisi wa huku tusiingoje hiyo 20.

Nilichompendea zaidi fundi ni kwamba kila upande ameupa kontrola yake, yaani kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Ukiziunga zote nne msururu mmoja, zilizo kivulini huzivuta chini zenye jua, na hilo nimeliona kwenye mapaa mengi hapa mjini. Fremu pia ameifunga kwa waya pande zote, kwa ajili ya upepo wa mvua. Ila rangi alipaka mkono mmoja tu, na kutu imeshaanza kwenye viungo. Nikimpigia, anasema yuko njiani.

Mwenye paa pana alaze paneli zake kwa mwinamo mdogo wa kumwaga maji, asitupe pesa kwenye fremu. Mwenye kibanda kama changu, na wateja wa asubuhi na jioni, amtafute fundi huyu. Nampa nyota nne. Ya tano inasubiri rangi.