Nilipima DNA kwa ajili ya ramani, nikapata shangazi

Niseme ukweli, mi nilinunua hiki kipimo kwa ajili ya ile ramani ya rangi rangi inayokuonyesha asili yako, sikuwa natafuta ndugu wala nini. Kinakuja kiboksi chenye kichupa, unakaa nusu saa bila kula wala kunywa alafu unatema mate mpaka ufike kwenye mstari, na povu halihesabiwi, kwahiyo unatema weee mpaka mdomo unakauka. Unasajili namba ya kichupa kwenye akaunti yako, unatuma. Majibu yangu yalichukua wiki sita.

Asilimia zilinifurahisha kama siku mbili hivi, nikazirusha kwenye grupu la familia. Baada ya miezi kadhaa wakafanya apdeti, sehemu moja ikapotea kabisa na nyingine ikaibuka na 11%, mate yaleyale jamani! Nikaja kuelewa kwamba wanalinganisha DNA yako na ya watu wa leo waliomo kwenye kanzidata yao, wakiongeza watu na jibu linabadilika, na kama asili yako ni Afrika basi watu wa kukulinganisha nao ni wachache kuliko wa Ulaya. Yaani ni makadirio, usiende kubadilisha kabila kwa ajili ya hiyo ramani.

Sasa mziki ni ile listi ya ndugu. Juu kabisa kulikuwa na mama mmoja simjui, tumeshea sentimogani 880 (ndio kipimo cha DNA mnayochangia), wakaandika "binamu wa kwanza". Binamu zangu wote nawajua mpaka utani wao, huyu katokea wapi? Kumbe ile namba ni kiasi cha DNA tu, sio cheo. 880 anaweza kuwa binamu, anaweza kuwa shangazi aliyechangia na baba yako mzazi mmoja, wao wanakuchagulia moja wanaandika. Nikaangalia sehemu ya ndugu tunaochangia mimi na yeye, mtoto wa mama mkubwa ambae nae alishapima hayumo, basi nikajua huyu ni wa upande wa baba.

Nikamwomba mzee apime. Akaniangalia sana akasema "we unatafuta nini hasa?" ila akatema. Majibu yakaja, yeye na yule mama 1,750. Hapo wanaingia babu na mjukuu, mjomba na mpwa, au ndugu wa mzazi mmoja, na hawa wamepishana miaka mitatu tu. Kilichomaliza ubishi ni lile kundi la ukoo wa mama, ambalo mama anawapa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, mzee yuko kundi la L3 yule mama yuko L2. Kwahiyo hawajatoka tumbo moja, wamekutana kwa baba. Nilipomwandikia akasema alipima kwa sababu mama yake alifariki bila kumtajia baba yake ni nani. Babu yangu, mtu wa tasbihi muda wote...

Kinachoniudhi na hii kampuni (siitaji) ni kwamba habari nzito hivi inaingia kwenye imeili kama tangazo la ofa, "una ndugu mpya!", onyo lenyewe ni kiboksi kimoja cha kutiki wakati unasajili ambacho hakuna anaekisoma. Nikawaandikia wahudumu, nikajibiwa majibu ya kukopi na kupesti. Kama hauko tayari zima hiyo sehemu ya ndugu kwenye mipangilio, inazimika, asilimia zako utaziona kama kawaida.

Alafu usalama. 2023 taarifa za wateja kama milioni 6.9 wa 23andMe, kampuni nyingine ya hivi vipimo, zilichukuliwa na wadukuzi, na 2025 kampuni ikaomba kufilisika, na nywila ya kadi ya benki unabadilisha ila DNA hubadilishi. Mimi sikupima kwao lakini nilipakua faili langu lote alafu nikaomba sampuli iharibiwe, na mate yako yakiwa huko ujue umepeleka na DNA ya ndugu zako bila kuwauliza.

Nawapa nyota tatu. Mzee na dada yake wanapigiana simu kila wiki sasa, mimi simu zenyewe zinanipita. Tatizo ni baba mdogo, bado hajaambiwa, na ameshaniuliza mara mbili hicho kipimo kinaagizwaje.